Saa ya Kina Skaar

Saa ya ukutani ya kina Skaar ilikuwa na ugonjwa wake. Iwe asubuhi, iwe adhuhuri, iwe jioni ya kukamua ng'ombe, yenyewe ilipiga mara tatu tu, taratibu, kwa sauti nene kama sufuria inayogongwa na mwiko, kisha ikanyamaza. Babu Skaar aliitoa Norwei akiwa kijana, ameifungia ndani ya godoro, na hakuna fundi wa Vangstad, mji wao mdogo wa Iowa huko Marekani, aliyeruhusiwa kuigusa. Barabara nzima ya mashariki iliijua saa hiyo, hata watu ambao hawajawahi kukanyaga sebuleni mwao, kwa sababu nyumba zote za barabara ile zilitumia waya mmoja wa simu.

Kila nyumba ilikuwa na mlio wake. Kwa Nygaard, mrefu mmoja na mifupi miwili. Kwa Skaar, mifupi mitatu. Kwa mzee Sletten, mwenyekiti wa halmashauri ya shule, mirefu miwili. Simu ya mmoja ililia kwa wote, na mtu mwenye adabu aliiacha isiyo yake. Lakini watu wa Vangstad adabu zao nyingi waliziweka kwa ajili ya kanisani. Simu ikilia, mkono ulipangusa unga kwenye aproni, ukanyanyua mkonga polepole, kiganja kingine kikaziba pa kusemea, na sikio likatega.

"Kina Skaar, hebu tupisheni tuzungumze!" mama mmoja angesema katikati ya habari zake, saa ile inapogonga nyuma ya maneno yake. "Saa yenu inawasema!"

Hapo kingesikika kicheko cha mama Skaar, halafu tik, ameweka chini.

Ardis Nygaard alikua na kicheko hicho masikioni. Mama yake alifariki Ardis akiwa bado anasukwa nywele na watu, akamwacha mikononi mwa baba, Tilman, na bibi mzaa baba, Bibi Gunda. Neno alilomwachia lilikuwa moja: asome mpaka mwisho, achukue kile cheti chenye utepe wa bluu ambacho yeye mwenyewe alikikosa, alipotolewa darasa la nane akasaidie kazi ya ng'ombe. Ukiwa na cheti kile, chuo cha ualimu kilikupokea. Bila hicho, hakuna mlango uliofunguka.

Kwa hiyo vuli ile ya mwaka 1944, Ardis alipoanza mwaka wake wa mwisho pale shule ya sekondari ya Vangstad, baba yake alichagua ubao wa mjozi uliokuwa umekaa ghalani miaka na miaka, akaanza kutengeneza fremu ya cheti hicho. Vipimo alivichukua kwenye cheti cha binamu yake, kwa uzi. Jioni baada ya kazi aliketi karibu na jiko la kuni akapiga msasa, na vumbi la kahawia likatua kila mahali.

"Tilman, unanitia vumbi kwenye unga," alilalamika Bibi Gunda, aliyekuwa akisukuma chapati nyembamba za viazi kwa ajili ya karamu ya kanisa.

"Hili si vumbi, mama. Hii ni elimu."

"Basi elimu ikae mbali na chapati zangu."

Rafiki wa Ardis alikuwa Ione, msichana wa hao hao kina Skaar. Walianza kwenda shule pamoja wakiwa wadogo hata theluji ya barabarani iliwafika kiunoni, Ione mbele akipasua njia kwa kuwa alikuwa mrefu, Ardis nyuma akikanyaga alama za viatu vyake. Na walipofika sekondari wakaingia timu moja ya mpira wa kikapu.

Mpira wa wasichana wa Iowa wakati ule haukuwa kama wa wavulana. Walicheza sita kwa sita. Watatu ni wafungaji, wanakaa nusu ya uwanja yenye kikapu chao. Watatu ni walinzi, wanakaa nusu nyingine wakiwazuia wafungaji wa wageni. Katikati pamechorwa mstari, na hakuna anayeuvuka. Mlinzi akipokonya mpira anakimbia nao mpaka mstarini, anamrushia mfungaji, kisha anabaki pale pale, mikono kiunoni, akitazama wenzake wakifunga upande ule. Mlinzi anaweza kucheza miaka yote ya shule bila kurusha mpira kikapuni hata mara moja katika mechi.

Ardis alikuwa mfungaji. Ione alikuwa mlinzi.

Na mji wote ulikuwa na wazimu wa mchezo huo. Siku ya mechi duka la nyama lilifungwa mapema, mchungaji alifupisha kipindi cha katekisimu, na wazee waliokuwa hawaamkiani kwa ajili ya mpaka wa shamba walibanana benchi moja wakipiga kelele. Asubuhi yake, dukani, watu walimshika Ardis mkono. "Binti Nygaard! Jana umewanyoa!" Ione alisimama pembeni ameshika mfuko wa sukari ya kuponi za mgawo wa vita.

"Na huyu ndiye aliyenipa mipira," Ardis alisema kila mara.

"Ndiyo, ndiyo. Kazi nzuri na wewe, mama," walijibu, macho yakirudi kwa Ardis.

Baba Skaar naye alikuwa na utani wake mmoja, na aliurudia kila palipokuwa na wageni mezani. "Nimelisha msichana mrefu kuliko farasi, na bado hajaniletea hata pointi moja!" Watu walicheka. Ione alicheka pia. Ardis alicheka nao, na hilo alikuja kulikumbuka baadaye.

Mwaka huo darasa lao lilikuwa na viti vitupu, kwa sababu kila mvulana aliyetimiza miaka kumi na minane aliitwa vitani. Orrin Lunde aliitwa vuli. Alikuwa kijana mpole, masikio makubwa, aliyelelewa na baba yake mdogo mwenye mguu mbovu, na tangu mwaka wa pili ndiye aliyembebea Ardis vitabu. Jeshi la majini likamchukua kabla ya Krismasi, na mwisho wa Januari akarudi kwa likizo fupi amevaa suruali pana za baharia, nywele zimekatwa mpaka masikio yakaonekana makubwa zaidi. Baada ya likizo ile angepelekwa Pasifiki.

Akamwomba Ardis wafunge ndoa kabla hajaondoka.

"Na shule?" Ardis aliuliza.

Hilo lilikuwa swali zima. Sheria ya shule ya Vangstad ilijulikana hata na paka: msichana akiolewa, siku hiyo hiyo anakusanya vitabu vyake na kwenda nyumbani. Hapakuwa na rufaa. Walisema mke wa mtu hakai dawati moja na wasichana.

"Tutanyamaza mpaka Mei," alisema Orrin. "Ukishashika cheti, tutatangaza hata juu ya mnara wa kanisa."

Walihitaji shahidi, na walihitaji petroli, maana ilibidi wavuke mpaka wa jimbo hadi Minnesota, ambako hakuna aliyewajua. Ardis alimwendea Ione. Ione hakufikiri mara mbili. Alichomoa kuponi za petroli kwenye droo ya baba yake, zile za trekta, akazificha ndani ya soksi.

"Baba atadhani trekta imekunywa," alisema.

Jumamosi yenye theluji wakaondoka na gari la baba mdogo wa Orrin, Ione kiti cha nyuma na blanketi magotini. Njiani Ardis alisema, "Ione, hili likijulikana nimekwisha. Si mpira tu. Shule. Cheti. Nimekwisha kabisa."

"Nani atalijua? Kuna mimi na wewe na huyu mwenye masikio."

"Hata mama yako."

"Hasa mama yangu. Mama akijua, saa itawaambia wengine." Wakacheka mpaka Orrin nusura akose kona.

Mbele ya hakimu wa mji mdogo wa kule, Ione alimshikia Ardis koti, akamkopesha leso yake yenye ua la zambarau, akatia sahihi kwa mwandiko wake ulioinamia kushoto. Akalia kuliko bibi harusi. Kurudi, walikula mkate na jibini ya kahawia ndani ya gari, madirisha yameganda barafu.

Pete Ardis hakuweza kuivaa. Akaipasulia nafasi ndani ya kinga yake ya goti, ile ya kuchezea, akaishonea humo katikati ya pamba. Kila alipopiga goti sakafuni aliisikia ikimbana mfupa. Ni Ione tu aliyejua kwa nini anatabasamu akianguka.

Februari timu ilishinda na kushinda tena. Wakabakiza mechi moja ya kuchukua kombe la wilaya. Kwenye mazoezi kocha wao, Bwana Fosse, mtu mwembamba aliyetafuna vijiti vya kiberiti, alikuwa akipanga na kupangua.

"Mfungaji wa akiba ana mafua," alisema. "Ardis akiteleza tu kwenye barafu, tumekufa. Labda nimvushe Skaar mstari. Urefu anao."

"Nivushe hata leo, kocha," alisema Ione.

Wasichana wakacheka. Bwana Fosse akacheka. "Tuombe Mungu isifike huko."

Ardis alimtazama rafiki yake akifunga kamba za viatu. Alizifunga, akazifungua, akazifunga tena. Ardis hakuona neno.

Siku chache kabla ya mechi, jioni ya kukamua, baba alikuwa bandani na Ardis anamenya viazi. Simu ikalia: mirefu miwili. Kwa Sletten. Bibi Gunda akapangusa mikono, akanyanyua mkonga, akaziba pa kusemea, akasikiliza kidogo. Kisha akageuka, uso umebadilika.

"Njoo," alinong'ona. "Wanakutaja wewe."

Ardis akaweka sikio karibu na la bibi yake, kisu cha viazi bado mkononi.

Sauti ya mwanamke ilikuwa ikisema, nzito, imezibwa na kitu, labda soksi. "Nasema muulizeni. Muulizeni Ardis Nygaard siku hizi jina lake la ukoo ni nani. Muulizeni Jumamosi ile ya theluji alikwenda wapi na Orrin Lunde, na alisimama mbele ya hakimu gani."

"Wewe ni nani?" aliuliza mzee Sletten.

"Mtu anayependa shule."

Na hapo, nyuma ya sauti ile, saa ikapiga. Taratibu, nene, mara tatu.

Mtu aliyelelewa na saa haisikii tena. Ione alikuwa amengoja wazazi wake waende bandani, amefunika simu, amebadili sauti, kila kitu amekipanga. Ile saa ndiyo hakuikumbuka.

Waya ukanyamaza. Ardis aliweza kusikia pumzi za watu, nyumba baada ya nyumba. Alingoja mtu acheke. Alingoja mama mmoja aseme, kama wanavyosema siku zote, kina Skaar, saa yenu inawasema. Hakuna aliyesema. Zikaja tik, tik, tik, mmoja mmoja akiweka chini kwa upole kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Bibi Gunda alirudisha mkonga mahali pake. "Ni kweli?"

"Ni kweli, Bibi."

"Orrin?"

"Orrin."

Bibi alikaa kwenye kiti, akatazama viazi. "Angalau ni Mlutheri mwenzetu," alisema. Kisha akafunika uso wake na aproni.

Baba alipoambiwa hakupiga kelele. Alivaa kofia, akatoka kwa miguu mpaka kwa Sletten, na aliporudi theluji ilikuwa imemkaa mabegani na hakuipangusa.

"Anasema angesikia peke yake angeweza kuwa kiziwi," alisema. "Anasema, Tilman, hata mimi nina mke, nina mabinti. Lakini imesikiwa na barabara nzima, nitafanyaje?" Akaiangalia fremu iliyokuwa imeegemezwa karibu na jiko, pembe tatu zimeungwa, ya nne bado. Akaichukua akaipeleka ghalani.

Asubuhi yake Ardis aliitwa ofisini kwa mkuu wa shule, Bwana Ramstad. Mzee Sletten alikuwapo, kofia magotini. Bwana Fosse alisimama dirishani akitafuna kijiti.

"Ardis," alisema Bwana Ramstad, na alisema kwa huruma, ndiyo iliyouma, "naweza kukuuliza swali moja tu, na ukinijibu hapana, nitaandika hapana."

Mlango ulikuwa wazi. Angesema neno dogo tu. Orrin yuko majini huko mbali, hakimu yuko Minnesota. Lakini Ardis alifikiria jinsi atakavyokaa darasani akikana jina la mtu ambaye labda meli yake wakati huo huo inapigwa mabomu, na ulimi ukakataa.

"Nimeolewa, mwalimu. Sijafanya kibaya. Nimeolewa tu."

Mzee Sletten alitazama kofia yake.

"Basi utatuachia vifaa vya timu," alisema Bwana Fosse haraka. Ndiye aliyekuwa akimwita mwanangu tangu mwaka wa kwanza. "Jezi, na kinga za magoti. Mechi ni kesho kutwa, kuna mtu wa kuvishwa."

"Mtu gani?"

Kocha alihamisha kijiti upande mwingine wa mdomo. "Skaar."

Ardis alizitoa kinga kwenye mfuko. Akaomba mkasi. Mbele ya wanaume watatu alikata uzi, mshono mmoja mmoja, akavuta pamba, akachomoa pete. Akaivaa kidoleni, akaweka kinga mezani ikiwa imepasuka tumbo.

"Mwambieni aishone," alisema.

Ione alikuwa kwenye chumba cha makoti, peke yake, amekaa kwenye benchi la viatu vya theluji kana kwamba alikuwa akimngoja.

"Ione. Ulitumia soksi?"

Ione aliinua macho. Alikuwa amejiandaa kukana, ilionekana mdomoni, lakini hakujua wamemjulia wapi.

"Saa," alisema Ardis.

Uso wa Ione ukawa mweupe, kisha mwekundu mpaka shingoni. "Mungu wangu. Wote?"

"Wote."

Kengele ya darasa ikalia, wala hawakuinuka.

"Unajua mimi nimefunga mara ngapi?" Ione alisema. "Tangu tuanze? Hata mara moja. Nakukimbilia na mpira mpaka pale kwenye mstari, nakupa, nasimama kama mlingoti. Wewe wanakushika mkono dukani. Mimi nashika sukari."

"Si ungeniambia? Ningemwambia kocha nimeumia mguu. Ningekaa benchi siku hiyo."

"Usingekaa."

"Hukuniuliza! Ningekupa hiyo mechi, Ione. Ningekupa na viatu."

"Sikutaka unipe wewe!" Ione aliinuka, mrefu, kichwa kikagusa vigingi vya makoti. "Kila kitu unanipa wewe. Hata hongera unanikatia kipande cha zako." Sauti ikashuka. "Nilidhani watakutoa kwenye timu tu."

"Usinidanganye. Sheria unaijua. Nilikwambia ndani ya gari, ukiwa na blanketi langu magotini. Nilikwambia nimekwisha."

Ione alikuwa akilia sasa, na Ardis akajikuta anaingiza mkono mfukoni kumtafutia leso, kama alivyozoea. Aliyoipata ilikuwa ile ya harusi, yenye ua la zambarau. Akaitazama. Akaitundika kwenye kigingi, juu ya koti la Ione, akachukua vitabu vyake akaenda nyumbani.

Jioni ya mechi, Bi. Thora wa ofisi ya simu alifanya kama desturi: alipiga mlio mmoja mrefu mno wa kuita nyumba zote, akaunganisha waya na simu ya ukumbi wa kule wilayani, ambako karani wa benki alisimama na mkonga akiwasimulia waliobaki nyumbani. Siku hiyo hakuna aliyejificha, kila nyumba ilikuwa na haki ya kusikiliza. Bibi Gunda alisema waache. Ardis akanyanyua mwenyewe.

Karani alikuwa amekauka sauti. "Skaar amevushwa mstari, jamani! Skaar anarusha... amekosa. Skaar tena... amekosa. Wanamzomea wale wa upande wa pili."

"Lo, masikini," sauti ya mama mmoja ilisema kwenye waya.

"Mtulie, atazoea," mwingine akajibu.

Ilikuwa mechi ndefu. Ardis aliiona yote bila kuiona: alijua jinsi Ione anavyoshika mpira chini mno, alijua mahali pa kumsukuma kiwiko. Mwishoni, timu zikiwa sawa, karani alianza kupiga kelele zisizo na maneno, kisha yakaja maneno. "Ameingiza! Skaar ameingiza! Kombe letu! Kombe la Vangstad!"

Na waya wote ukalipuka. Wanawake waliokuwa wamezuia pumzi zao siku ile, wale wale, walipiga vigelegele, mmoja akagonga chungu. "Msichana wa Skaar! Nani angejua! Mbarikiwe, mama Skaar, mmezaa simba!"

"Asanteni, jamani, asanteni," alisema mama Skaar, akilia kwa furaha nyumbani kwake.

Ardis alikuwa amesikiliza kitu kingine. Mechi nzima simu ya kina Skaar ilikuwa wazi, na saa haikuwa imepiga. Wala siku zilizofuata haikupiga. Saa ya babu, iliyotoka Norwei ndani ya godoro, ilikuwa imesimamishwa. Na barabara nzima, iliyoitania miaka yote, haikuuliza imepatwa na nini.

Masika yakaja, matope, kisha majani. Ardis alifua, alipanda viazi, alikwenda kanisani na pete yake. Watu walimwamkia vizuri. Walimuuliza habari za Orrin. Hakuna aliyemtaja Ione mbele yake. Waliumeza ukweli wakaendelea na kahawa. Vita vya Ulaya vikaisha, kengele zikapigwa. Vya Orrin, vya Pasifiki, vikaendelea.

Siku moja ya Mei Bwana Ramstad alikuja mpaka mlangoni, viatu vya mjini vimejaa matope. Bibi Gunda akampa kahawa, bila keki.

"Bi. Lunde," alianza, na Ardis akachelewa kujua ni yeye anayeitwa. "Halmashauri imeamua, wavulana wa darasa hili walioitwa vitani watapewa vyeti vyao kama waliomaliza. Orrin ni mmojawapo. Vya walio mbali hupokewa na mama, au mke. Tungependa upande jukwaani upokee cha mumeo."

Ardis alikuwa anakanda unga. Hakuacha. "Kwani Orrin hajaoa?"

"Ameoa," alisema Bwana Ramstad kwa mshangao. "Si ndiyo maana tunakuita wewe?"

Bibi Gunda aliweka birika chini. Bwana Ramstad alisikia maneno yake mwenyewe yakimrudia, taratibu, na masikio yakaanza kuwiva. Alikunywa kahawa iliyobaki haraka, akaungua, akaaga.

"Usiende," alisema Bibi Gunda.

"Nitakwenda. Orrin hajanikosea."

Sherehe ilifanyika ukumbini mwa shule, pale pale walipochezea mechi za nyumbani, viti vimepangwa juu ya sakafu ya mbao. Ione alikaa mstari wa nyuma wa wahitimu, joho linamwishia juu ya viatu. Lilipoitwa jina la Orrin Lunde, watu walipiga makofi kuliko walivyompigia yeyote. "Anapokea Bi. Orrin Lunde," alisoma Bwana Ramstad bila kuinua macho. Jina la Ardis halikutajwa. Ili kufika jukwaani ilibidi apite mbele ya wahitimu. Ione alivuta miguu yake nyuma kumpisha, na Ardis, kwa viatu vyake vya Jumapili, akavuka ule mstari wa katikati uliokuwa umechorwa sakafuni, akapanda, akapokea karatasi yenye utepe wa bluu, akashuka nayo.

Nyumbani, baba alikuwa ameitoa fremu ghalani. Pembe ya nne ilikuwa imeungwa, mbao zimepakwa mafuta zikang'aa. Alisimama nayo kama mtu aliyeleta zawadi kwenye nyumba isiyo yake.

"Nilisema labda tuweke hiki cha Orrin. Kwa sasa."

"Cha Orrin kitamngoja Orrin sandukuni, baba. Hiyo ulimtengenezea mama, si ndiyo?"

Tilman alitikisa kichwa kukubali. Akapigilia msumari ukutani karibu na simu, akaitundika fremu tupu. Ndani yake palionekana karatasi ya ukutani, vimaua vya njano vilivyofifia.

Walikuwa wakila simu ilipolia: mrefu mmoja, mifupi miwili. Kwa Nygaard. Ardis akanyanyua. Kabla hajasema neno akasikia tik, tik, tik, barabara nzima ikinyanyua pamoja naye.

"Ardis?" Ilikuwa sauti ya Ione, safari hii bila soksi. "Ni mimi. Nilitaka... nilikuona leo. Sijui niseme nini."

Ardis alitazama vimaua vya njano. Nyuma ya Ione palikuwa kimya kabisa, kimya cha sebule isiyo na saa.

"Mmeisimamisha," alisema.

"Nini?"

"Saa."

Ione alivuta pumzi. "Baba aliisimamisha. Siku ile ya pili."

"Mwambie aitie ufunguo. Iacheni ipige, Ione. Hapa hakuna asiyeijua."

Hakuna aliyepumua kwenye waya. Ardis akaurudisha mkonga mahali pake, chini ya fremu, akarudi mezani viazi vikiwa bado vya moto.